Matembezi ya kesi ya Malhar Rao hapa Vadodara, kama mnauliza inalipa

Nipo Vadodara, India, mwaka wa pili sasa, nasoma, na kama Waswahili wengi tulioko huku mji wenyewe nilikuwa naujua kwa kupita tu, chuo, stesheni, soko, na Laxmi Vilas Palace ambayo kila mgeni akija tunampeleka apige picha. Sasa kuna mzee mmoja anatembeza watu mjini, hana ofisi wala bango, namba yake unapewa na mtu aliyewahi kwenda, na matembezi yake yanahusu jambo moja tu, jinsi Waingereza walivyomwondoa Malhar Rao Gaekwad kwenye kiti cha dola ya Baroda mwaka 1875 (Baroda ndo hii hii Vadodara). Nimeenda Jumapili iliyopita na wenzangu wawili, rupia 1,200 kila mtu, masaa manne na nusu, miguu iliuma lakini siku nzima iliyofuata nilikuwa nawaza yale tu, na kwa vile watu wameshaniuliza kama inalipa nimeona niandike kirefu. Inalipa. Nyota nne, na ya tano nitasema imeenda wapi.

Mzee mnamwita Kaka. Mi mwanzo nilishtuka, mtu wa mvi zote zile namwitaje kaka, kumbe kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo na ndo heshima yake, na yeye anakuita beta, mwanangu, hata kama una ndevu. Anaongea Kihindi na Kiingereza kwa kuchanganya, taratibu, kwa hiyo hata kama Kihindi chako ni cha sokoni utamfuata.

Alichelewa dakika arobaini, hilo nalisema mapema. Tulikubaliana saa moja asubuhi pale Mandvi, lile jengo la matao katikati ya mji wa zamani, na sisi tulifika mapema kwa ajili ya jua, akaja saa moja na dakika arobaini ameshika mfuko wa kitambaa, akaomba radhi kwa adabu na akatununulia chai. Na pale Mandvi pikipiki hazikomi kupiga honi, yeye hana kipaza sauti, kwa hiyo robo ya kwanza ya maelezo tuliikosa hadi tukamwomba tusogee kichochoroni. Mkienda mwambieni aanzie kichochoroni moja kwa moja.

Hapo kichochoroni akaanza na ndugu wawili. Khande Rao alikuwa mtawala, na Malhar Rao mdogo wake alikuwa kifungoni Padra, nje kidogo ya mji, kwa sababu kaka yake alimshuku kutaka kumuua. Novemba 1870 Khande Rao akafa, mdogo mtu akatolewa jela akakalishwa kwenye gadi. Gadi ndo kiti cha enzi, ni mto wa kukalia chini, sio kiti cha miguu minne. Ila kulikuwa na jambo, mjane Jamnabai alikuwa na mimba, na mtoto akiwa wa kiume basi ndo mwenye haki. Ikabidi mji mzima usubiri. 1871 akazaliwa wa kike na Malhar Rao akabaki palepale. Huyo Jamnabai muwekeni akilini, anarudi mwishoni na anarudi na nguvu.

Kitu nilichompendea Kaka ni kwamba hakutuuzia mtawala mwema aliyeonewa. Tulisimama karibu na pale ilipokuwa Nazarbaug, jumba ambalo siku hizi limeshabomolewa, akatuambia huko ndiko ilikokuwa mizinga miwili ya dhahabu ya Malhar Rao, na akatuambia hela za mizinga zilitoka wapi, wakulima walikamuliwa kodi, watu wakapigwa viboko na kuteswa ili walipe, maofisa wa kaka yake wakatupwa ndani. Mwaka 1873 serikali ya Waingereza huku India ikatuma tume chini ya Kanali Meade, na malalamiko mengi kati ya yaliyoletwa mbele yake yalionekana ya kweli. Kaka alisema hivi, na niliandika kwenye simu, "Beta, huyu mtu alikuwa mbaya kwa raia wake. Sasa sikiliza alivyoondolewa, maana hayo ni mambo mawili." Na kweli masaa yote yaliyobaki yalikuwa juu ya huo utofauti.

Baada ya tume, Malhar Rao alipewa barua Julai 1874 kwamba una hadi tarehe 31 Desemba 1875 kurekebisha utawala wako, usipoweza utaondolewa. Hiyo tarehe Kaka alituambia tuishike. Mwenzangu aliiandika mkononi kwa kalamu.

Halafu kuna Kanali Robert Phayre. Huyu ndo alikuwa rezidenti, yaani mkubwa wa Kiingereza anayekaa kwenye mji wa mtawala, kwa jina ni mjumbe tu lakini mtawala hawezi kupiga chafya bila yeye kuandika ripoti. Alifika Machi 1873, na kabla ya hapo alikuwa mpaka wa Sindh (siku hizi iko Pakistan) ambako alikosana na wakubwa zake. Baroda napo akaanza vita na Malhar Rao toka mwanzo, akawa anapokea malalamiko ya kila mtu, anaiandikia serikali ya Kiingereza ya Bombay kila kukicha, na Malhar Rao alipooa Lakshmibai mwaka 1874 Phayre akagoma kwenda harusini. Kwa mtawala wa ukoo wa Gaekwad hiyo ni kumvua nguo mbele za watu. Tarehe 2 Novemba 1874 Malhar Rao akamwandikia Gavana Mkuu wa India, Lord Northbrook, kwa heshima zote, akiomba huyu mtu aondolewe.

Wiki moja baadae ndo ikatokea sharubati.

Sasa hapa ndo penye thamani ya hela yenu. Tulipanda bajaji hadi Fatehgunj (bajaji haimo kwenye bei, ni mfukoni mwenu), upande ambao zamani ulikuwa kambi ya Waingereza, tukakaa chini ya mti karibu na kibanda cha chai, na Kaka akafungua ule mfuko wake wa kitambaa. Akatoa bilauri ya kioo imefungwa kwenye gazeti, chupa ya juisi ya balungi aliyoikamua mwenyewe nyumbani, na kikaratasi kimekunjwa. Akamimina juisi nusu bilauri. Ndani ya kikaratasi kulikuwa na unga wa rangoli, ule wanaochorea maua mlangoni siku za Diwali, wenye chenga zinazong'aa. Akatia kidogo tu kwa vidole viwili, akakoroga, akatupa tuangalie kwa juu. Huoni kitu kabisa. Juisi ya balungi ina uzito wake na nyuzi nyuzi, unga umepotelea humo. Akaiweka chini akaendelea kuongea kama dakika kumi, kisha akaimwaga yote taratibu kwenye mchanga akainyanyua bilauri juani. Chini kabisa kumebaki tope la kijivu, na ndani ya tope vitu vinameremeta.

Hicho ndo alichokiona Phayre asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1874. Alikuwa na desturi ya kutembea alfajiri na akirudi anakuta sharubati ya balungi mezani. Siku hiyo alikunywa funda mbili tatu, akaona haiko sawa, baada ya muda kichwa kikaanza kumzunguka na tumbo kuchafuka, akaimwaga nje barazani, na alipoiweka bilauri chini akaona mashapo. Akamwita Dokta Seward wa hapo hapo, ikapimwa, ikapelekwa Bombay kupimwa tena, jibu likarudi ni aseniki pamoja na vumbi la almasi. Nimeshasoma mengi ya ukoloni shuleni lakini mtu kuninyanyulia bilauri juani na kuniambia angalia chini, hilo sijawahi kufanyiwa na mwalimu yeyote.

Kaka hakimbilii kusema nani alifanya. Anakuwekea watu mmoja mmoja. Tarehe 25 Novemba Northbrook alimwondoa Phayre kweli, kwa hiyo ombi la Malhar Rao lilikubaliwa, na akaletwa Sir Lewis Pelly (huyu aliwahi kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1860, nilipomwambia Kaka alifurahi akaliandika kwenye kidaftari chake). Mkuu wa polisi wa Bombay, Frank Souter, akaja kupeleleza. Wakamkamata Raoji, mmoja wa wakubwa wa matarishi wa nyumba ya rezidenti, ambaye ghafla alikuwa na hela ya kutengenezesha vito, naye akaahidiwa msamaha akasema yote, kwamba alipewa kikaratasi cha sumu na kwamba amri ilitoka kwa Malhar Rao mwenyewe. Narsu, jemadari wa nyumba hiyo hiyo, naye akakiri, halafu akajitupa kisimani akatolewa mzima. Yaya mmoja aitwaye Amina akasema alikuwa anaenda kwa siri kwa Malhar Rao. Damodar Pant, katibu wa Malhar Rao, akasema yeye ndo aliyetafuta aseniki na almasi. Ona majina ya kazi zao sasa, jemadari, yaya, maneno tunayoyatumia kila siku na yalitufikia kutoka pande hizi hizi.

Tarehe 14 Januari 1875 Malhar Rao akakamatwa. Februari 23 ikaanza tume ya kumchunguza na hapo Kaka alisimama kabisa, akatuweka sisi watatu upande mmoja na akachora mistari mitatu mchangani upande wa pili. Wajumbe walikuwa sita. Waingereza watatu, Sir Richard Couch, Jaji Mkuu wa Bengal, ndo mwenyekiti, pamoja na Meade yule yule wa tume ya kwanza, na Melvill. Wahindi watatu, Maharaja Scindia wa Gwalior, Maharaja wa Jaipur na Sir Dinkar Rao. Hii haikuwa kawaida, mtawala kuhukumiwa kwa kosa la jinai huku watawala wenzake wamekaa mezani, na Northbrook aliifanya hivyo ili ionekane haki imetendeka hadharani. Malhar Rao akaletewa wakili kutoka London, Serjeant Ballantine, mmoja wa mawakili waliokuwa na jina kubwa enzi hizo.

Huyo Ballantine aliwachana mashahidi. Swali lake kubwa ni lile ambalo hata sisi pale chini ya mti tulishaanza kulisema, huyu mtu ameandika barua wiki moja kabla kuomba Phayre aondolewe, anasubiri jibu, kwa nini amwekee sumu kabla jibu halijaja? Halafu mashahidi karibu wote walikuwa mikononi mwa polisi, mkubwa wao ameahidiwa msamaha, na hata kile kipakiti cha aseniki kilipatikana kwenye mkanda wa Raoji baada ya yeye kukamatwa. Upande wa pili nao una lake, kwamba sumu ilikuwemo kweli, vipimo viwili vimesema, na watu waliokuwa na njia ya kufika kwenye ile bilauri walikuwa wana mawasiliano na jumba la mtawala. Mi mwenyewe nilitoka nikiwa sijashawishika kwamba Malhar Rao aliagiza, mwenzangu mmoja anaapa aliagiza, tumebishana hadi kwenye treni.

Matokeo yakawa tatu kwa tatu. Waingereza wote watatu wakasema ana hatia, Wahindi wote watatu wakasema haijathibitika, na Jaipur alienda mbali zaidi akamwona hana hatia. Magazeti ya wenyeji Bombay, Pune na Calcutta yalishachachamaa toka zamani.

Na hapa ndo nasema mzee amestahili hela yake. Alituuliza, mngekuwa nyinyi Northbrook mngefanyaje? Tukasema ataachiwa, au kesi irudiwe. Akatoa karatasi yenye tangazo la tarehe 19 Aprili 1875 akatusomea pole pole. Malhar Rao anaondolewa kwa sababu ya mwenendo wake mbaya unaojulikana, utawala mbovu kupindukia na kutoweza kufanya mageuzi. Tangazo lenyewe linasema uamuzi huu haukutegemea ripoti ya ile tume ya sumu. Yaani watu wamekaa wiki na wiki, mawakili wamevuka bahari, maharaja wameitwa kutoka Gwalior na Jaipur, kisha mtu anaondolewa kwa kosa jingine ambalo alishapewa muda wa kulirekebisha. Mwenzangu akanyanyua mkono wenye ile tarehe ya kalamu. 31 Desemba 1875. Walimwondoa miezi minane kabla. Tulinyamaza wote, Kaka naye akanyamaza, akaacha tu.

Kuna mtu atasema lakini alikuwa mkatili kwa wakulima, aondoke tu. Mimi nakubali alikuwa mkatili. Ninachokataa ni wenye nguvu kufungua kesi, kesi ikiwashinda wakachukua faili jingine kabatini, na wote wakaita ni sheria. Kama ukatili ulitosha, ulitosha tangu 1873 walipousikia kwa masikio yao.

Kaka alieleza vizuri pia kwa nini hawakuichukua Baroda yenyewe. Mwaka 1856 waliichukua dola ya Awadh nzima wakamwondoa Nawab Wajid Ali Shah, mwaka uliofuata India ya kaskazini ikawaka kwa uasi dhidi yao, na 1858 Malkia Victoria akatangaza kwamba hawatajiongezea tena ardhi ya watawala. Kwa hiyo njia mpya ikawa unamtoa mtu, dola unaiacha, na unachagua wewe wa kukaa. Malhar Rao na kizazi chake wakafungiwa mlango moja kwa moja, watu wa mji walipojaribu kumkalisha mwanae mchanga kwenye gadi mwishoni mwa Aprili wakatawanywa na jeshi. Na hapo ndo Jamnabai anarudi. Yeye, ambaye mtoto wa kike alimkosesha kila kitu, akapewa ruhusa ya kuasili mtoto, akaletwa kijana wa miaka 12 kutoka kijiji cha Kavlana, upande wa Nashik, mtoto wa tawi la mbali la ukoo aliyekuwa anaishi maisha ya shamba. Mei 1875 akawa Sayajirao wa Tatu, ndo huyu ambaye jina lake mnaliona kila kona ya mji huu, aliyejenga Laxmi Vilas, aliyelazimisha shule ya msingi kwa watoto wote wa dola yake mwaka 1906, aliyemlipia Ambedkar (yule aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India) masomo ya Marekani mwaka 1913. Na mwaka 1911 kule Delhi mbele ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza akainama mara moja tu, akageuka akatembea zake akiwa amempa mgongo, hadi ikabidi aandike barua ya kuomba radhi. Malhar Rao yeye alipelekwa Madras na akafia huko 1882.

Sasa nyota ya tano. Ripoti ya tume ya Meade ilizungumzia wanawake waliochukuliwa kwa nguvu kwenda kutumikia jumbani, hilo ni moja ya makosa mazito kabisa ya Malhar Rao, na Kaka alilipita kwa sentensi moja, tena baada ya mimi kuuliza. Yaya Amina naye alitajwa kama mtu wa kupitisha ujumbe tu, wakati alisimama mbele ya tume nzima akaulizwa maswali na wakili wa London. Nilimwambia Kaka tulipokuwa tunaagana, nikasema Kaka, wale wanawake wanahitaji kituo chao kwenye matembezi haya kama sharubati ilivyo na kituo chake. Hakukasirika. Alisema mabinti zake nao humwambia hivyo hivyo, na akaniuliza ningekiweka wapi. Nikamwambia pale Nazarbaug, kabla ya mizinga.

Jingine dogo, tulisimama nje ya Laxmi Vilas karibu nusu saa akieleza habari za majengo, wakati lile jumba lilimalizika 1890 na halina uhusiano na kesi. Kama mmeshaingia ndani siku nyingine mwambieni aliruke, muda huo mkautumie Fatehgunj.

Ya kujua kabla hamjaenda. Nendeni kati ya Novemba na Februari, miezi ya joto msijaribu. Watu watatu au wanne ndo idadi nzuri, zaidi ya hapo hamtamsikia. Bebeni maji, kofia, na rupia za chenji kwa bajaji na chai. Anapokea hela taslimu au kwa simu. Fatehgunj haimo kwenye matembezi ya kawaida, ni lazima umwombe siku moja kabla, kwa sababu anahitaji kutafuta balungi sokoni na kulikamua jioni, na msimu wake ukiisha anatumia machungwa, ambayo kwa maneno yake mwenyewe hayafichi unga vizuri.